Magamba yaliyomshinda profesa

Mwezi Machi una kumbukumbu mbili nzito. Tarehe 11 Wajapani huwakumbuka zaidi ya watu 18,000 waliokufa au kutoweka katika tetemeko na tsunami ya 2011. Tarehe 27 ni zamu ya Alaska, iliyotikiswa kwa zaidi ya dakika nne jioni ya Ijumaa Kuu, mwaka 1964. Tetemeko la Japani lilikuta vipimo vimeshawekwa chini ya bahari. La Alaska, lenye nguvu ya 9.2, halikukuta chochote. Lilipimwa kwa magamba.

Kisa hiki kimesimuliwa vizuri na Henry Fountain katika kitabu chake cha 2017, *The Great Quake*. Fountain anamhusudu waziwazi George Plafker, mwanajiolojia wa serikali ya Marekani, na nakiri kwamba ameniambukiza.

Aliyewahi kusaidia kukwangua dau maji yakiwa yamekupwa anavijua vile viumbe vidogo vyeupe, vigumu kama jiwe, vinavyoganda kwenye mbao na kuchana viganja: ndiyo magamba hayo. Kwenye miamba navyo hupanda mpaka pale maji kujaa yanapofika, basi. Juu ya hapo haviishi. Ukingo wao wa juu huwa kama mstari uliochorwa na fundi.

Majira ya joto ya 1964 Plafker aliukuta mstari huo ukining'inia hewani, viumbe vimekufa na kukauka. Yeye na wenzake walizunguka pwani kwa mashua, helikopta na ndege ndogo za majini. Walipima kutoka kwenye mstari hadi majini, wakalinganisha na saa za kujaa na kupwa, kisha wakahamia mwamba mwingine. Mamia ya mahali walipimwa hivyo. Wenyeji nao waliwaonyesha maji yalikokuwa yakifika zamani. Katika kisiwa cha Montague nchi ilikuwa imeinuka zaidi ya mita 11. Kwingine ilikuwa imezama, na miti ikawa inakufa kwa maji ya chumvi. Meli ya upimaji Surveyor ilipopima upya kina cha bahari kusini-magharibi mwa kisiwa hicho, iligundua kuwa sakafu imepanda hadi mita 15 hivi.

Ndipo ugomvi ukaanza. Frank Press wa chuo cha Caltech, mmoja wa mabingwa wa matetemeko wa zama hizo, aliandika na David Jackson mwaka 1965 kwamba ufa uliosababisha yote ulisimama karibu wima, ukishuka zaidi ya kilomita 100 ardhini. Plafker, ambaye hata shahada ya uzamivu hakuwa nayo, alitazama ramani yake akakataa. Upande wa bahari umeinuka, upande wa bara umezama, kwa urefu wa mamia ya kilomita, na ufa wa wima wenye ukubwa wa kutosha hauonekani popote. Akasema sakafu ya bahari inajipenyeza chini ya bara kwa mteremko wa taratibu. Bara lilikuwa limekwama juu yake, likachomoka. Wakati huo habari ya mabamba ya dunia ilikuwa bado haijakubalika. Mwaka 1968 akaenda Chile, kwenye tetemeko la 9.5 la mwaka 1960, akakuta mpangilio uleule. Press baadaye alikuwa mshauri wa sayansi wa Rais Carter, lakini katika hili magamba yalimshinda.

Kasoro ya magamba ni kwamba yanaishi ufukweni, na sakafu huteleza zaidi mbali huko kilindini. Satelaiti nazo haziwezi kusaidia peke yao, kwani mawimbi ya redio hayapenyi maji ya bahari. Fred Spiess wa taasisi ya Scripps, California, aliyepata kuwa ofisa wa nyambizi vitani, alitoa njia katika miaka ya 1980: meli ijue mahali ilipo kwa GPS, kisha iite kwa sauti vifaa vilivyotuama chini, navyo viitike. Sauti hukimbia majini mita 1,500 hivi kwa sekunde, kwa hiyo muda wa mwitikio unakupa umbali.

Wajapani waliishika njia hiyo kwa bidii. Mwaka 2011 nchi kavu ilisogea mita 5.3 mahali iliposogea zaidi. Kifaa cha Walinzi wa Pwani kilichokuwa karibu juu ya kitovu kilikutwa kimesogea mita 24 na kuinuka 3. Kimoja cha Chuo Kikuu cha Tohoku kilisogea mita 31. Karibu na korongo la bahari, ramani za sakafu za kabla na baada zilitofautiana kwa mita 50 hivi. Tangu hapo wametandaza waya wenye vituo 150 chini ya bahari.

Na sisi wa Afrika Mashariki? Alfajiri ya 26 Desemba 2004 sakafu ya bahari iliinuka karibu na Sumatra. Wimbi lilichukua saa kadhaa kuvuka bahari hadi kwetu. Kenya iliwahi kuwatoa watu fukweni. Tanzania watu walikufa. Somalia walikufa karibu 300. Muda ulikuwapo, habari haikufika. Kipimo cha kujaa na kupwa cha Zanzibar kiliandika wimbi lile. Msomaji uliye karibu na bandari, hebu kaulize kama bado kinaandika.