Kilemba na Jina la Uarabu

Ndugu zangu wa ukoo, nilipozuru Johannesburg nilisimama Gandhi Square, mtaani Marshalltown, mbele ya sanamu iliyozinduliwa mwaka 2003: Gandhi kijana, amevaa joho la wakili. Zamani mahakama zilikuwa papo hapo, na ofisi yake kwenye pembe ya Rissik na Anderson.

Miaka kumi kabla ya ofisi hiyo, mwaka 1893, hakimu wa Durban alimwamuru avue kilemba. Akakataa, akatoka. Mwenyeji wake, tajiri Dada Abdulla, akamfahamisha kwamba aliyevaa Kiislamu aliachiwa kilemba chake. Wahindi wengine walivuliwa. Wafanyabiashara Waislamu kutoka Gujarat walijiita Waarabu, wasije wakahesabiwa makuli. Vazi likawa ndiyo hati. Mwaka uliofuata, alipoapishwa uwakili Natal, Gandhi mwenyewe alikivua.

Huku Transvaal jina hilo halikuwafaa kitu. Sheria Namba 3 ya 1885 iliwataja makuli, Waarabu na Wamalai pamoja, ikawanyima uraia na haki ya kumiliki ardhi.

Sikuthubutu kuwacheka. Kwetu Unguja, amri ya 1897 ilipouondolea utumwa nguvu ya sheria, watu waliokuwa wamezuiwa kuvaa kofia na viatu mbele ya mabwana walianza kutoka na kanzu na kofia hadharani. Nayo picha ya babu yetu, ile ya joho na jambia, nimeitazama miaka mingi kama ushahidi wa nasaba. Mwaka jana shangazi akaniambia kuwa jambia lile lilikuwa la mpiga picha.