Anoreksia: njaa iliyoitwa kukosa hamu

Mpwa wangu wa darasa la sita alinikwamisha kwa swali moja. Nilikuwa nimemtafsiria kurasa chache za Good Enough, riwaya ya watoto ya Mmarekani Jen Petro-Roy iliyotoka mwaka 2019. Msimulizi ni Riley, msichana wa miaka 12 anayeandika shajara akiwa amelazwa hospitali kwa ugonjwa ambao Kiingereza huuita anorexia nervosa. Mimi nikaandika "ugonjwa wa kukosa hamu ya kula". Mtoto akasoma, akanyanyua kichwa: "Mjomba, mbona anawaza chakula kutwa nzima? Si umesema hana hamu?"

Kosa ni langu, ila limeanza zamani. Jina anorexia nervosa alilitoa daktari William Gull wa London mwaka 1873. Mwaka huohuo, Charles Lasègue wa Paris naye alieleza wagonjwa wa aina hiyo. Kwa Kigiriki, "an" ni kukosa, na "orexis" ni hamu. Mwenye malaria hukosa hamu: ukimsogezea uji anageuza uso. Mwenye anoreksia mara nyingi njaa anaisikia vizuri sana, kinachomtisha ni kunenepa. Na njaa yenyewe humzidishia mawazo ya chakula. Katika jaribio la mwaka 1944 na 1945, watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya, waliojitolea. Wakakonda, wakawa hawazungumzi ila chakula, na wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Wajerumani walikwepa mtego wa hamu: wao husema Magersucht, neno linalotaja kukonda.

Sisi je? Kufunga ni ibada. Kususa ni kwa mtoto aliyenuna au aliyenyimwa kitu. Kugoma kula kuna madai nyuma yake. Nikabaki na kujinyima, na hili nimelipenda kwa sababu linauma. Kwetu kujinyima ni sifa: mama fulani alijinyima hadi wanawe wakasoma. Sifa hiyohiyo ndiyo ugonjwa unayomnong'onezea Riley, kwamba anayeacha sahani ana nguvu kuliko wanaokula. Kwa hiyo tafsiri yangu ni "ugonjwa wa kujinyima chakula", na anoreksia kwa kifupi. Mpwa wangu hakuuliza tena.

Jina la kundi zima la maradhi haya, yaani matatizo ya ulaji, ni sahihi kitabibu lakini lina mzaha wake. Mtaani ulaji ni cheo chenye marupurupu. Rafiki yangu aliyeona jina hilo kwenye karatasi mezani alidhani naandika habari za rushwa. Nimeliacha hivyohivyo; maelezo ya sentensi moja yanatosha.

Kazi kubwa ilibaki kwenye kupona. "Amepona" ni neno la jambo lililokwisha, kama kidonda kilichofunga. Riley anakula leo, kesho analia mbele ya sahani, keshokutwa anajaribu tena. Nimetumia "anaendelea kupata nafuu" mpaka nikachoka kuliona, lakini kila nilipojaribu "amepona" kitabu kilinikatalia.

Na kuna neno moja ambalo bado sijui nilifanyeje. Mgonjwa wa namna hii anapoanza kurudisha uzito, watu humpongeza kwa kumwambia anaonekana mwenye afya, naye husikia: umenenepa. Kiswahili kina "umenawiri". Shangazi husema hivyo mlangoni, kwa mapenzi, huku anakushika shavu, na wewe unatakiwa kutabasamu. Nimeliweka kwenye tafsiri bila maelezo yoyote. Mpwa wangu alipolifikia alitabasamu kwanza, kisha akarudi nyuma kusoma tena mstari uliotangulia.