Chura wa Mlimani Hugunduliwa Kabatini

Mwaka 2015, katika ukaguzi wa vyura wa Mlima Kenya, alipatikana chura mmoja mdogo ambaye hakulingana na spishi yoyote iliyokuwa ikijulikana mlimani hapo. Mwaka 2023 alipewa jina, Kenyaphrynoides vulcani, yaani jenasi mpya na spishi mpya kwa mkupuo mmoja, na maelezo yote yakajengwa juu ya kielelezo hicho kimoja. Kati ya kuokotwa na kupewa jina ilipita miaka minane. Masimulizi ya kawaida huiruka miaka hiyo. Humwonyesha mtafiti mwenye tochi kichwani na matope magotini akiinua jani, kisha hurukia picha ya chura kiganjani na kichwa cha habari kinachosema “spishi mpya yagunduliwa”.

Dai la makala hii ni kwamba ugunduzi wenyewe umo ndani ya miaka hiyo inayorukwa. Spishi haiwi mpya pale inapookotwa. Huwa mpya pale inapowekwa kando ya zile zinazofanana nayo, ikakataa kuingia katika yoyote kati yake. Dai hili likikubalika, basi swali la nani anagundua vyura wa milima yetu ni swali la nani anatunza vielelezo, na nani anaruhusiwa kuvifungulia mlango.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Chura kama huyu, wa familia ya Bufonidae, aliyekwisha hifadhiwa kwenye alkoholi, hulazwa chini ya darubini. Hupimwa kutoka ncha ya pua hadi tundu la haja. Hutafutwa ngoma ya sikio: ipo, au ngozi imepita juu yake bila alama? Vidole hutanuliwa kimoja kimoja kwa koleo laini ili kuona utando umefika wapi, na kama ncha zake zimetanuka kwa kushika majani au zimebaki nyembamba. Kisha huja tezi za sumu nyuma ya macho, na katika baadhi ya vyura wa Tanzania tezi nyingine zilizovimba mikononi na miguuni: ukubwa wake, umbo lake, kama zimetengana au zimeungana. Majibu yote hayo yanaweza kujaza kurasa tatu na bado yasiseme kitu. Kwamba chura hana ngoma ya sikio ni habari tu ikiwa ndugu yake wa karibu anayo, na hilo halijulikani kwa kumtazama yeye peke yake hata kwa mwaka mzima.

Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, ambazo huhesabu majina kuanzia chapisho la Linnaeus la 1758, zimeliweka jambo hili kisheria. Jina jipya la spishi lililochapishwa baada ya 1999 halikubaliki bila kutajwa kielelezo kinachobeba jina hilo, ambacho kwa kawaida ni kimoja na huitwa holotaipu, pamoja na mkusanyiko kitakamotunzwa. Ugomvi wowote wa baadaye kuhusu jina hilo huamuliwa kwa kurudi kwenye chupa hiyo. Mtu anaweza kuona ni urasimu. Kwa maoni yangu hapa ndipo taksonomia, elimu ya kuainisha viumbe, inapozizidi fani nyingi kwa uadilifu, maana humwachia mpinzani ushahidi wote mezani.

Sasa turudi Mlima Kenya. Mlima huo, wenye kilele cha mita 5,199, ni volkeno iliyozimika yenye umri wa takriban miaka milioni 3. Ulisadikiwa kuwa maskini wa vyura wa kipekee ukilinganishwa na milima ya Tao la Mashariki la Tanzania, na sababu iliyotolewa ilikuwa na mantiki: mlima ni mchanga, umeungua, umefunikwa na barafu, haujapata muda wa kuzaa spishi zake. Vinasaba vya chura huyo mmoja vikaleta hesabu isiyooana na maelezo hayo. Ukoo wake ulitengana na ndugu zake wa karibu miaka kama milioni 20 iliyopita. Chura ana umri mkubwa kuliko mlima anaokaa, mara sita au saba. Kwa hiyo mababu zake waliishi kwingine, katika nyanda za juu zilizokuwepo kabla ya volkeno hiyo au katika misitu iliyowahi kuunganisha maeneo ambayo leo yametenganishwa na nyika kavu, kisha wakahamia mlima ulipokwisha poa na kuota msitu.

Hesabu hiyo isingewezekana bila vyura wengine wa Tanzania. Ndugu hao wa karibu ni wa jenasi mbili, Nectophrynoides na Churamiti. Jenasi ya pili ina spishi moja tu, Churamiti maridadi, iliyoelezwa mwaka 2002 kutoka Milima ya Ukaguru kwa vielelezo viwili. Vielelezo viwili vya Ukaguru ndivyo vilivyosaidia kumsoma mmoja wa Mlima Kenya. Kama wale wa Ukaguru wangeachwa bila jina kwa kisingizio cha uchache wao, huyu wa Kenya angebaki kuwa kiroja kisicho na jamaa, na dhana ya mlima maskini ingeendelea kufundishwa vyuoni.

Historia ya jenasi Nectophrynoides inatoa somo gumu zaidi. Mwaka 1905 Gustav Tornier, mtaalamu wa Berlin, alieleza chura wa nyanda za juu za kusini za ile iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Chura huyo hatagi mayai majini wala hana viluwiluwi wanaoogelea. Jike huzaa vyura wadogo waliokamilika. Wakati huo jambo kama hilo lilikuwa halijaelezwa kwa chura yeyote duniani, na lilivuta macho yote. Mwainishaji mwingine, Noble, alipounda jenasi ya Nectophrynoides mwaka 1926, namna ya uzazi ikawa kama kitambulisho cha ukoo. Chura wa Mlima Nimba huko Afrika Magharibi, ambaye jike wake hubeba na kulisha watoto tumboni kwa miezi tisa hivi, akaingizwa humo. Wale wa milima ya Ethiopia nao wakaingizwa, ingawa huko hutagwa mayai: yule wa Bale, aliyeelezwa mwaka 1978, huyaweka nchi kavu kwenye unyevu. Ilipofika 1986 ndipo mwainishaji Alain Dubois alipowatoa wa Nimba na wa Ethiopia na kuwapa jenasi zao. Uzazi usio wa kawaida ulikuwa umewaunganisha wanyama wa pande tatu za bara kwa miaka mingi, kwa sababu waainishaji waliutazama huo kuliko mwili mzima.

Hata baada ya hapo, Nectophrynoides viviparus wa Tornier alibaki akihesabiwa kuwa spishi moja yenye eneo pana. Watafiti waliopita milima mbalimbali ya Tanzania walimwona akibadilika rangi na tezi kutoka mlima hadi mlima, lakini nani angethubutu kuwatenganisha bila kujua ni mlima upi ulio na viviparus wa kweli? Jibu lilikuwa kwenye chupa za zaidi ya karne moja huko Ulaya. Mwaka 2025 timu iliyoongozwa na Christian Thrane, ambamo yumo John Lyakurwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilichapisha matokeo ya kusoma vinasaba vya vielelezo hivyo vikongwe na kuvilinganisha na vya sasa. Zikatoka spishi tatu mpya: Nectophrynoides luhomeroensis, N. uhehe na N. saliensis. Vyura hawa hawakuwa wamejificha. Walikuwa wameshaonwa na kukusanywa chini ya jina la mwingine. Vilivyokuwa vimefichika ni vielelezo vya Tornier vinavyobeba jina.

Wapo wanaopinga kumpa jina chura kwa kielelezo kimoja. Hoja yao ina uzito: mmoja hakuonyeshi tofauti za dume na jike, wala za mtoto na mkubwa, wala sauti ya dume akiita, na huenda akawa kilema tu wa spishi inayojulikana. Vinasaba vimepunguza hofu hiyo ya mwisho lakini havijaondoa nyingine. Hata hivyo kusubiri nako kuna gharama, na Tanzania imeshailipa. Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, alipatikana mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko ya Udzungwa, mradi wa umeme ukiwa tayari unaendelea. Bahati ni kwamba maelezo yake yalitoka mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, eneo la manyunyu lilikauka karibu lote. Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa kwenda Marekani. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2012 wazao wa wale waliosafirishwa wakaanza kurudishwa kwenye korongo la maporomoko hayo. Ni vigumu kuona ni wizara gani, au benki gani, ingegharamia safari hizo na mashine za kurudisha manyunyu kwa ajili ya “chura fulani mdogo wa manjano”. Jina humpa mnyama nafasi kwenye Orodha Nyekundu ya spishi zilizo hatarini na kwenye tathmini ya athari kwa mazingira. Asiye na jina hata hasara yake haiandikwi.

Pingamizi jingine linatoka kwa wahifadhi: kwa nini kumuua chura adimu wakati tuna kamera? Swali hili linastahili heshima, na kwa spishi iliyokwisha elezwa na ambayo idadi yake inajulikana kuwa ndogo, picha na pamba iliyopitishwa ngozini kuchukua vinasaba vinatosha. Kwa asiyeelezwa bado, sikubaliani. Mtu wa 2125 hataweza kuuliza picha swali ambalo sisi hatukulifikiria, kama vile Tornier ambavyo hakufikiria vinasaba. Chupa zake zilijibu.

Hapo ndipo umiliki wa kabati unapokuwa jambo la hoja, wala si la hisia za kizalendo tu. Mtafiti wa Nairobi au Morogoro anayetaka kujua kama chura aliyemshika ni mpya analazimika mara nyingi kuomba kuazimwa, au kuomba nauli na viza, kwa ajili ya kumtazama mnyama aliyetoka mlima anaouona dirishani. Picha za skana za mifupa zinazowekwa mtandaoni zimesaidia sana, ila hazionyeshi tezi zilivyo laini au ngumu, wala hazitoi kipande cha ini cha kusomwa vinasaba. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa 2010, inahusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa manufaa yake. Haimlazimishi mtu kurudisha vielelezo vya zamani kama vile vya Tornier.

Kinachowezekana leo ni kidogo lakini kiko mikononi mwa mamlaka zetu: vibali vya kukusanya vielelezo viandikwe kwa sharti kwamba holotaipu ya spishi yoyote mpya, na nusu ya sampuli za tishu, zitabaki katika mkusanyiko wa nchi alikotoka mnyama, na ada ya kibali ilipie alkoholi, majokofu na mshahara wa mtunzaji. Sharti bila bajeti litaleta vielelezo nyumbani vikaukie kwenye chupa, na mkusanyiko uliokauka ni hasara kubwa kuliko ulio mbali. Nadhani kazi ya kwanza ya mkusanyiko wa namna hiyo ingekuwa kuzipitia upya chupa zilizomo nchini zenye lebo ya jenasi tu bila spishi, kabla ya kumtuma mtu yeyote mlimani kumtafuta Kenyaphrynoides wa pili.