Ikilia, Haijafa: Historia Fupi ya Milio ya Kompyuta

Kimya changu kilikuwa kirefu, niwieni radhi.

Juzi binamu yangu aliniletea laptopu yake. Ukiiwasha, feni inazunguka, inalia pi-pi-pi, kisha kioo kinabaki cheusi. Tasnifu yake ya mwaka mzima imo humo, na hana nakala pengine. Fundi alikuwa amemwambia ubao mkuu umekufa. Nikamwambia, "Ngoja kwanza. Kinacholia hakijafa."

Kwa nini inalia? Turudi nyuma kidogo. Jina BIOS lilitoka kwa Gary Kildall, aliyeandika mfumo wa CP/M miaka ya 1970. Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ilitangaza PC yake, na BIOS ikiwa ndani ya chipu ya ROM. Kila ulipoiwasha, mashine ilijikagua kwanza: prosesa, RAM, kibodi. Sasa hitilafu ikitokea kabla kioo hakijawa tayari, itasemaje? Wahandisi wakatumia spika. Mlio mmoja mfupi, mambo shwari. Mingine, kuna jambo.

Mwaka 1982 Compaq ikatangaza mashine inayoendana na ya IBM. Kunakili BIOS ya IBM kungevunja hakimiliki. Kwa hivyo kundi moja la wahandisi lilieleza tu BIOS ile inafanya nini, na kundi lingine, ambalo halikuwahi kuona msimbo wake, likaandika nyingine upya. Mwaka 1984 Phoenix nayo ikaanza kuwauzia watengenezaji wengine BIOS yake. Mashine za kuiga PC zikazagaa duniani, lakini lugha ya milio ikagawanyika: kila mtengenezaji na yake. Hata baada ya UEFI kuchukua nafasi ya BIOS, kamusi moja haijapatikana. Laptopu nyingine hazilii kabisa, zinapepesa taa tu.

Ndiyo maana sikubahatisha. Nilitafuta mwongozo wa modeli ile ile: milio mitatu, RAM. Nikazima, nikachomoa chaja na betri, nikatoa RAM, nikasugua meno yake polepole kwa kifutio, nikairudisha. Ikawaka! Kabla hata ya kushangilia, tulinakili tasnifu kwenye flashi diski mbili.

Basi ndugu msomaji, kabla hujakubali kununua ubao mpya, hesabu milio. Na leo hii, kabla haijaanza kulia, weka nakala ya kazi yako pengine.

Tuonane wakati mwingine!