Somo la Historia: Bandari ya Kaisari Claudius

Sogezeni viti karibu na redio.

Mji wa Roma hapo kale ulikuwa na watu wapatao milioni moja, na ngano yao nyingi ilitoka ng'ambo: Misri na Afrika ya Kaskazini. Claudius alipotawazwa kuwa Kaisari mwaka 41 baada ya Kristo, yasemekana akiba ya chakula mjini ilikuwa ya siku saba au nane tu. (Msomao Matendo ya Mitume mwamjua kwa jina la Klaudio, na njaa ya siku zake imetajwa humo.)

Taabu ilikuwa nini? Bandari. Mlango wa mto Tiber ulijaa mchanga, hata merikebu kubwa zikatia nanga nje baharini na kupakulia shehena kwenye mashua ndogo, au zikateremsha ngano Puteoli, mbali kusini. Na wakati wa baridi bahari huchafuka.

Basi mwaka 42 Claudius akaamuru ichimbwe bandari mpya karibu na Ostia. Mafundi walimtajia gharama kubwa mno, wakitumaini ataghairi. Hakughairi. Zikajengwa kuta mbili kuingia baharini, kama mikono inayokumbatia maji. Sasa sikilizeni jambo hili: ilikuwako merikebu kubwa ajabu iliyoleta kutoka Misri nguzo ya jiwe moja, ambayo leo imesimama Vatikani mbele ya kanisa la Mtakatifu Petro. Merikebu hiyo waliizamisha makusudi, iwe msingi wa mnara wa taa. Chokaa yao waliichanganya na majivu ya volkano, nayo hugeuka jiwe hata ndani ya maji.

Lakini tumbo halingoji fundi. Mwaka 51, ngano ilipopungua, watu walimzonga Claudius uwanjani, wakamtupia matusi na vipande vya mikate, akaponea mlango wa nyuma wa jumba lake. Mimi hujiuliza, wenye njaa waliitoa wapi mikate ya kutupa?

Claudius akafa mwaka 54. Mwaka 62 tufani iliharibu merikebu zipatazo 200 mle mle bandarini, maana ilikuwa pana mno, haikuzuia mawimbi. Ndipo baadaye Kaisari Trajanus akachimba bwawa la ndani, lenye pande sita. Bwawa hilo lingali na maji hadi leo, karibu na uwanja wa ndege wa Fiumicino. Bandari ya Claudius imekuwa nchi kavu.

Haya, chukueni daftari. Andikeni sentensi mbili: chakula cha mji wenu hutoka wapi, na hupita njia gani?