Onyo la uongo la Windows 3.1

Wandugu, ordinateri ikituonya kwamba programu mbili hazipatani, wengi tunaamini palepale. Mimi kisa cha DR DOS kiliniondolea imani ile.

Wakati ule Windows haikusimama peke yake, ilihitaji DOS chini yake. Microsoft iliuza MS-DOS. Digital Research iliuza DR DOS, mshindani wake. Mwezi wa 12 mwaka 1991, Windows 3.1 ya majaribio, ukiiwasha juu ya DR DOS, ilitoa ujumbe wa kosa. Kosa gani? Ukibonyeza C uendelee, kazi inaenda tu! Kumbe kode fulani ilichungulia alama za ndani za MS-DOS. Isipozikuta, inatisha mtu. Tena iliandikwa kwa mafumbo isisomeke, na hapo njo ninashuku zaidi: kode ya nia njema inajificha nini?

Mwaka 1992 Digital Research ilirekebisha DR DOS, onyo likanyamaza. Windows iliyouzwa ilibaki na kode ileile, imezimwa tu. Andrew Schulman aliianika mwaka 1993 katika Dr. Dobb's Journal. Caldera, iliyonunua DR DOS, ilishtaki mwaka 1996. Mwaka 2000 Microsoft ikalipa ili kesi iishe.