Ramani tatu za moto juu ya Murara

Historia ya leo ni ya mtaa wa Murara, komine ya Karisimbi, na namna kompyuta inavyotuonyesha mtaa uliofunikwa na jiwe.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka upande wa kusini. Nyufa ziliteremka hadi Munigi, karibu na uwanja wa ndege. Moto ulifunika ncha ya kaskazini ya njia ya ndege, ukapita Murara na katikati ya mji, ukaingia Ziwa Kivu. Karibu 13% ya mji ilifunikwa, na watu zaidi ya 100 walikufa. Wenyeji walijenga tena juu ya jiwe lilelile, lakini mipaka ya viwanja ilikuwa imepotea.

Zamani mchora ramani alitandika karatasi ya kupitisha mwanga juu ya ramani nyingine. Mwaka 1977, mwaka ambao Nyiragongo uliua watu tarehe 10 Januari, Ed Catmull na Alvy Ray Smith huko New York waliipa kila nukta ya picha namba inayosema inafunika kiasi gani. Kwa 100%, picha ya chini haionekani. Kwa 50%, zote mbili zinaonekana. Programu ya ramani ya bure, QGIS, ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, mwaka ambao Murara iliungua.

Weka ramani ya mji chini, kisha juu yake moto wa 1977, 2002 na 2021, kila mmoja na rangi yake, 50%. Linganisha kwanza alama zisizohama, kama ncha ya kusini ya njia ya ndege, la sivyo utampa jirani kiwanja chako.

Utaona kwamba 1977 na 2021 moto uliishia kabla ya Murara. Wa 2021 ulisimama Buhene. Hata hivyo, tarehe 27 Mei 2021 Murara ilikuwa kati ya mitaa 10 iliyoamriwa kuhama. Kwa nini? Picha inaonyesha moto ulipopita, haionyeshi ufa mpya utakapofunguka.

Kumbukeni pia: mwaka 2002 moto uliukata mji vipande viwili. Kila familia ijue njia ya kwenda Gisenyi na njia ya kwenda Sake, na ikubaliane mapema mahali pa kukutana.